Misuli Haifanyi Kazi kwa Njaa



Siku ya Jumapili viwanja vya Kakiika na vya makazi ya wakimbizi ya Nakivale hujaa vijana wa mpira. Wengi wao ni wenzetu: wa viwanda vya maziwa vya Mbarara, wa mashamba ya ndizi, wabeba mizigo na mafundi wa ujenzi. Juma zima misuli yao imemtumikia mwajiri, na siku ya mapumziko wanaidai tena nguvu. Kipindi cha kwanza wanakimbia kama swala. Ikifika dakika ya 60 miguu inakuwa mizito, na watazamaji wanapiga kelele kwamba ni wavivu. Sisi tunasema: waulizwe kwanza wamekula nini.

MWILI UNAPATAJE NGUVU?

Gari haliendi bila petroli. Petroli ya misuli ni chakula, hasa vyakula vya wanga: posho, matoke, muhogo, viazi na ulezi. Tumboni wanga hugeuka sukari na kuingia katika damu. Sukari isiyotumika mara moja huwekwa akiba katika ini na katika misuli. Akiba hiyo si kubwa. Kwa mtu mzima ni kama nusu kilo tu. Mafuta ya mwilini ni akiba kubwa zaidi, lakini hutoa nguvu polepole. Mtu akitembea taratibu, mafuta humsaidia sana. Akikimbia au akipakia magunia mbiombio, misuli hudai sukari, na ikiisha hata shujaa hulegea.

Usiku tukilala, ini huendelea kutoa sukari ili kulisha ubongo. Kwa hiyo anayeingia zamu ya asubuhi na chai ya rangi peke yake ameianza siku na deni.

Mwaka 1966 wataalamu wawili wa Sweden, Bergström na Hultman, walijifanyia jaribio wenyewe. Walikaa pande mbili za baiskeli moja, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu mpaka ukachoka kabisa. Kisha walitoa vipande vidogo vya misuli kwa sindano. Mguu uliofanya kazi ulikuwa karibu umekwisha akiba. Uliopumzika ulikuwa nayo bado. Baada ya siku tatu za kula wanga kwa wingi, mguu uliochoka ulikuwa na akiba karibu mara mbili ya mwenzake. Fundisho ni wazi: msuli unaofanya kazi hujiwekea nguvu nyingi, mradi ulishwe.

Wala hatuhitaji vyakula vya makopo kutoka ng'ambo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2004 juu ya wakimbiaji hodari wa Kenya ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu zao ilitokana na wanga. Walikula ugali, wali, viazi, maharage, na chai ya maziwa yenye sukari.

CHA KUFANYA

Kula mlo wa wanga saa tatu hivi kabla ya mchezo. Ndizi mbivu yafaa mchezo ukikaribia. Kunywa maji kabla ya kiu kukuzidi. Bushera hutoa maji na wanga pamoja. Mchezo ukiisha, usichelewe kula. Ongeza maharage, karanga, dagaa au maziwa, kwani hivyo hujenga upya misuli iliyochakaa. Dodo na maharage vina madini ya chuma, ambayo damu huyahitaji ili ibebe hewa safi. Chai pamoja na chakula huzuia chuma hicho; chungwa au limau hukisaidia. Basi chai ingoje kidogo.

MADAI YETU

Lakini kujua si kushiba. Mwaka 2025 Shirika la Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, lilipunguza sana msaada kwa wakimbizi wa Uganda, na watu wapatao milioni moja waliondolewa katika mgao. Ndugu zetu wa Nakivale wanaotafuta vibarua mashambani wanajua maana yake. Mtu hawezi kutoa jasho la siku nzima kwa mlo mmoja wa jioni.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo Namba 102 mwaka 1956, juu ya kantini, mahali pa kupumzika na burudani za wafanyakazi. Kwa hiyo tukidai chakula kazini hatuombi sadaka. Tunadai kantini yenye bei nafuu, maji safi karibu na kila mtambo na kila shamba, na mapumziko yanayotosha kula bila kukimbizwa. Kila tawi lilete jambo hili katika mkutano wake ujao, na vibarua wa Nakivale waalikwe.

Mwajiri huitilia mashine yake mafuta kila siku. Mfanyakazi naye apate chake!