Kriketi ya Jumapili Yafunza Ukweli

Je, msomaji, ukiwa Kisumu Jumapili ukiwakuta wachezaji wa ridhaa uwanjani na magongo yao ya kriketi, utapita tu? Hebu keti kivulini, uwaite na watoto.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence. Katika miji iliyokua kando ya reli hiyo, Wahindi waliutunza mchezo huu vilabuni mwao, na baadaye vijana Waafrika wakaujifunza papo hapo.

Mtazame mpigaji. Analinda vijiti vitatu nyuma yake. Mpira ukimgonga mguuni badala ya kuviangusha, mwamuzi ndiye hukata shauri. Lakini katika mechi za ridhaa waamuzi ni haba, hivyo mara nyingi mwamuzi hutoka timu ya mpigaji mwenyewe! Akiinua kidole, amemtoa rafiki yake. Mwonyeshe mwanao hilo: kusema kweli hata ikiumiza upande wako.

Usiidharau michezo hii midogo. Kutoka vilabuni walitoka vijana walioishinda West Indies mwaka 1996 kule Pune, kwa mikimbio 166 dhidi ya 93, na kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi yake ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Kuirudisha kutaanzia kwa watoto.

Basi wapeleke. Ila beba mwavuli. Mvua ya Kisumu ya jioni haingoji mechi iishe.