Nafuu ya Bucharest ni ya Nani?

Mmarekani akitaka kukaa Bucharest miezi mitatu hununua tiketi, basi. Romania iliingia kikamilifu katika eneo la Schengen tarehe 1 Januari 2025, na pasipoti yake inamruhusu kukaa humo siku 90 ndani ya kila siku 180 bila viza. Atapanga chumba, atafungua kompyuta, ataendelea kulipwa dola na mwajiri aliye kwao, na baada ya wiki chache atawatangazia wenzake kwamba amegundua mji mkuu wa Ulaya usiotoboa mfuko. Kisheria amekwenda kutembea, si kufanya kazi. Ila afisa wa mpakani atajuaje nani anamwandikia mama yake na nani anaandika programu?

Vijana wetu wanazisoma habari hizo. Hapa Katubuka, jirani na uwanja wa ndege wa Kigoma, wapo wanaotengeneza tovuti na kuhariri video kwa wateja wa ng'ambo. Kwa kuwa kazi yangu ni hesabu za kodi, wananijia na swali lilelile: "Shikamoo mzee. Kama ofisi yangu ni kompyuta tu, kwa nini nisihamie Bucharest au Sofia?"

Marahaba. Tuanze na mlango.

Mtanzania anahitaji viza ya Schengen. Ada yake ilipanda kutoka euro 80 hadi 90 Juni 2024, na juu yake kuna bima ya safari yenye fidia isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, na ushahidi kwamba utarudi nyumbani. Hata ukiipata, ni viza ya matembezi. Kwa anayetaka kufanya kazi bila kujificha, nchi kadhaa zimeweka viza za wahamahamaji wa kidijitali. Estonia ilitangulia Agosti 2020. Croatia, Hungary, Romania na Ureno zikafuata. Zote zinauliza kipato. Estonia ilianza na euro 3,504 kwa mwezi, baadaye ikapandisha hadi 4,500, ambazo kwa shilingi ni zaidi ya milioni kumi. Ureno inataka mara nne ya kima cha chini cha mshahara wake. Romania inataka mara tatu ya wastani wa mshahara ghafi wa nchi.

Hapo kwa Romania ndipo pa kutulia kidogo. Mwombaji anatakiwa awe na kipato mara tatu ya Mromania wa kawaida kabla hajakanyaga. Mwalimu au dereva wa basi wa Bucharest, anayelipwa kwa kiwango cha Bucharest, hana nafuu yoyote ya kusimulia; kodi ya nyumba inamuuma kama inavyomuuma mpangaji wa Mwanga au Gungu hapa Kigoma. Nafuu inayosifiwa ni tofauti kati ya mshahara wa nchi moja na bei za nchi nyingine, na viza hizo zimetengenezwa ili anayeingia awe tayari upande wa juu wa tofauti hiyo. Kijana anayepata euro 1,000 kwa mwezi ni bosi hapa Kigoma, lakini kwa viza zote hizo hajafika hata kizingitini.

Tofauti hiyohiyo anayo tayari, tena kubwa zaidi, akiwa Katubuka. Analipwa euro, anakula mgebuka na ugali, analipa pango kwa shilingi.

Saa nazo hazimkatazi. Kigoma iko nyuzi 29 na nusu hivi mashariki, si mbali na mstari wa Bucharest, ingawa tunafuata saa moja na Dar es Salaam. Ndiyo maana jua letu hufika utosini karibu saa saba mchana. Wakati wa kiangazi cha Ulaya, saa ya Bucharest na ya kwetu ni moja. Majira ya baridi wao wanarudi nyuma saa moja. London wakifungua ofisi saa tatu asubuhi, hapa ni saa tano au saa sita, kutegemea majira. Mtu ameshafika Kibirizi kununua dagaa na kurudi.

Panapopwaya kweli ni kwenye waya. Romania inajulikana kwa intaneti ya kasi majumbani, na hilo silipingi. Sisi hapa mwisho wa reli tumefikiwa na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, lakini mkongo huo unategemea nyaya zilizolala baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikaburura miguu. Kisha 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mteja wa London anaweza kuelewa waya uliokatika. Siku kadhaa za ukimya bila maelezo ni vigumu kumweleza. Kuna na VPN, ambayo kampuni nyingi za nje humlazimisha mfanyakazi kuitumia: tangu Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inataka watumiaji wake wajisajili. Kijana akiniambia anahama kwa sababu ya waya, namwelewa. Akiniambia anahama kwa sababu ya kodi ya nyumba, namwomba akae tupige hesabu upya.

Sasa kodi yenyewe, ya serikali. Wengi wanadhani ukitoka nje ya nchi, Mamlaka ya Mapato, TRA, inakusahau. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inakuhesabu mkazi ukikaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka. Inakuhesabu hivyo pia ukiwa na makazi ya kudumu hapa na ukawepo sehemu yoyote ya mwaka huo. Aliyeacha nyumba na mke Katubuka, akaenda Sofia miezi minane na kurudi kula Krismasi, ni mkazi, na mkazi hutozwa kwa kipato cha dunia nzima. Kiwango cha juu ni asilimia 30 kwa kinachozidi shilingi milioni 12 kwa mwaka. Bulgaria inatoza asilimia 10 tu, na hapo ndipo vijana wanapong'aa macho. Lakini asilimia 10 ya Bulgaria haifuti 30 ya Tanzania. Sheria yetu inakuruhusu kutoa kwenye kodi ya hapa ile uliyolipa nje kwa kipato hichohicho, iwapo una ushahidi wa kuilipa. Kinachobaki unakilipa hapa. Mikataba ya kuzuia kutozwa mara mbili tunayo na nchi chache, zikiwemo Sweden, Norway, Denmark, Finland na Italia. Romania na Bulgaria hazimo.

Kwa hiyo anayeng'ang'ania kwenda, namwambia aanze kuweka risiti leo, akiwa bado hapa: ankara za wateja, taarifa za benki, ritani za kila mwaka zilizowasilishwa kabla ya 30 Juni. TRA watazitaka. Na ubalozi utakaompa viza utataka karatasi hizohizo kuthibitisha kipato chake, wala hautamwamini aliyekuwa akilipwa kwa laini ya simu ya binamu.