Saratani ya koo imetibiwa, mbona amenyamaza?

Msomaji wangu, ukikutana mnadani Karatu na mtu uliyemjua kwa ucheshi, leo anakupita kimya, skafu imefunika shingo na mdomo, usiseme anaringa. Huenda amerudi kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, alikopigwa mionzi ya koo kwa wiki kadhaa.

Mionzi inayoua uvimbe wa kinywa au koo huumiza pia tezi za mate. Mate yakikauka, ugali haumezeki bila maji, ladha hupotea, meno huoza haraka na taya linaweza kukaza. Aliyeondolewa zoloto hupumua kupitia tundu la shingoni, na sauti yake ya zamani hairudi. Vumbi jekundu la kiangazi humkohoza, hivyo tundu hilo lifunikwe kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Halafu tunamtaka ale sinia moja na wageni!

Hapo ndipo hulka inapoingia. Watafiti wa Bergen, Norway, walibaini kuwa wagonjwa wa saratani hizi wenye asili ya wasiwasi mwingi, na wale wanaokwepa kulikabili tatizo, huwa na maisha magumu zaidi baada ya tiba. Si kwamba wanadeka. Maumivu ni ya kweli, ila hofu huyakuza, na mtu akijificha nyumbani hukosa hata wa kumwambia kwamba hamezi.

Kwa hiyo, kama mgonjwa wako ni mtu wa hofu tangu zamani, mweleze daktari mapema, hata kabla ya mionzi. Usingoje akonde. Akianza kurudia pombe au sigara ili ajisahaulishe, hilo pia lisemwe kliniki, kwa sababu huongeza hatari ya saratani kurudi.

Jino likiuma, asikimbilie kung'oa. Kwanza amwambie daktari wa meno kwamba taya lilipigwa mionzi, maana mfupa huo unaweza kukataa kupona.

Na nyumbani? Mtori, uji, maziwa, maji karibu yake muda wote. Swali la kuuliza si "umepona?" bali "leo umemeza nini?" Akitaka kula peke yake kwanza, mwacheni, lakini wengine wakikaa kula naye aitwe, hata kama atakunywa chai tu.