Sita au Tisa? Spika ya Simu ya Mkononi na Hatima ya Konsonanti

Katika Kiswahili, maneno sita na tisa yana irabu zilezile, i na a, kwa mpangilio uleule. Yana idadi sawa ya silabi, na mkazo huangukia mahali pamoja. Tofauti yake yote imebebwa na konsonanti mbili, s na t, ambazo zimebadilishana nafasi. Watu wanapozungumza ana kwa ana, jambo hili halisumbui. Lakini katika kibanda cha kutuma na kupokea fedha kwa simu mjini Bunia, pikipiki zikipita barabarani na jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta, anayesikia "elfu sita" kutoka katika spika ya simu iliyolazwa mezani aghalabu hulazimika kuuliza tena. Akihamia Kifaransa, kama wafanyavyo wengi mjini humo wanapotaja bei na namba za simu katikati ya mazungumzo ya Kiswahili, hapati nafuu yoyote: six mille na dix mille hutofautiana kwa konsonanti moja tu ya mwanzo, na konsonanti hiyo ina thamani ya faranga elfu nne.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini konsonanti ndizo zinazopotea kwanza, na kwa nini sababu mojawapo haimo katika lugha wala katika mtandao, bali katika upande ambao spika ya simu imeelekezwa.

Fonetiki akustika hutufundisha kwamba sauti za lugha hazigawani nishati kwa usawa. Irabu zina nguvu nyingi, na nguvu hizo hukaa chini: sehemu kubwa ya kinachoitambulisha irabu hupatikana kati ya mitetemo 300 na 3,000 kwa sekunde. Vikwamizo visivyo ghuna ni dhaifu zaidi na hukaa juu. Nishati ya s kwa kawaida imo juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde. Ile ya sh huanza chini kidogo. F ni hafifu na imetawanyika. Mpasuko wa t nao huishi huko juu, tena kwa muda mfupi sana. Kwa miongo mingi simu ilipitisha mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 tu, kwa hiyo s iliyomfikia msikilizaji ilikuwa mkia wa s. Mfumo mpana zaidi, unaofikia mitetemo 7,000 kwa sekunde, ulisanifishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na pale ambapo simu zote mbili na mtandao vinauruhusu, s hufika karibu nzima. Hufika katika simu. Kufika sikioni ni suala jingine.

Spika ya simu ni utando mdogo uliogundishwa koili ya waya mwembamba, nayo koili imening'inia ndani ya sumaku. Umeme ukipita, koili husukuma na kuvuta utando, na utando husukuma hewa. Hapa pana tatizo ambalo watumiaji wengi hawalifikirii: utando unaposukuma hewa ya mbele, wakati huohuo huivuta hewa ya nyuma. Sauti ya mbele na ya nyuma ni kinyume, na zikikutana hufutana, hasa zile za chini. Ndiyo maana wasanifu huifungia sauti ya nyuma katika kijumba kisichopitisha hewa, ambacho mara nyingi hakizidi sentimita moja ya ujazo, na kuizungushia spika ukanda wa sponji usioruhusu uvujaji. Fundi anayebadilisha spika akaurudisha ukanda huo vibaya, au asiurudishe kabisa, huirudisha simu ikiwa na sauti nyembamba ya bati, ingawa spika yenyewe ni mpya kabisa.

Sauti ya mbele hutolewa nje kwa mfereji mfupi. Katika simu nyingi za zamani mfereji huo ulifunguka mgongoni. Katika simu za kioo kikubwa mgongo hulala mezani au kiganjani, na uso wote umechukuliwa na kioo, kwa hiyo tundu limehamishiwa ukingoni, aghalabu upande wa chini karibu na mahali pa kuchajia. Uamuzi huo unahusu nafasi kuliko usikivu, nao una gharama yake.

Gharama hiyo inaeleweka kwa kulinganisha urefu wa wimbi na ukubwa wa simu. Sauti husafiri takriban meta 340 kwa sekunde. Wimbi la mitetemo 200 kwa sekunde lina urefu wa meta 1.7, kwalo simu ni kijiwe mtoni, hulizunguka bila kulizuia. Wimbi la mitetemo 6,000 lina urefu usiofika sentimita 6, yaani chini kidogo ya upana wa simu. Kwalo simu ni ukuta. Basi irabu zikitoka ukingoni hujipinda na kuenea pande zote, ilhali s hushika zaidi njia ya mbele ya tundu na kuacha kivuli nyuma ya mwili wa simu. Wanne waliozunguka simu moja mezani husikia wote kwamba mtu anazungumza, lakini yule aliyekaa upande wa tundu ndiye anayesikia kwamba amesema sita.

Kiganja kilichokunjwa mbele ya tundu hufanya kazi ya kioo: huyarudisha mawimbi mafupi kuelekea kwa anayesikiliza. Kuitia simu ndani ya bilauri, desturi inayopendwa sana, ni jambo tofauti. Bilauri yenye kina cha sentimita 12 huvumisha zaidi mitetemo ya karibu 700 kwa sekunde, ambayo ni milki ya irabu. Sauti hunenepa, maneno hayaongezeki.

Baadhi ya watengenezaji wamejaribu kuielekeza sauti kwa spika mbili, moja ya chini na nyingine ya sikioni, zikipewa ishara zilizocheleweshwa kidogo ili mawimbi yaungane upande mmoja na kufutana upande mwingine. Mbinu hiyo ina mpaka wa kimaumbile. Kati ya spika hizo kuna sentimita 14 hivi, na wimbi lililo refu kupita umbali huo mara nyingi halielekezeki kwa urahisi. Wengine wamekiacha kabisa kitundu cha sikioni: Xiaomi Mi Mix ya mwaka 2016 ilitumia kipande cha kauri kinachotetemesha mwili wa simu.

Kwa Ituri suala hili lina uzito wa pekee. Wazungumzaji wengi wa Kiswahili wa Bunia wana lugha nyingine ya nyumbani, na Kilendu, mojawapo ya lugha hizo, kina silabi zinazobebwa na s au z bila irabu yoyote. Katika lugha kama hiyo, s ikielekezwa ukutani hupotea silabi nzima. Toni, kinyume chake, haidhuriki sana. Mtetemo wa msingi wa sauti ya mwanamume, aghalabu kati ya 100 na 150 kwa sekunde, uko chini ya uwezo wa spika ndogo, lakini sikio huujenga upya kutokana na mpangilio wa mitetemo iliyo juu yake.

Hali hii si ngeni katika bonde la Kongo. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu karibu na Kisangani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 jinsi Walokele walivyozungumza kwa ngoma ya gogo, ile iitwayo lokole kwa Kilingala. Ngoma hiyo ina midomo miwili, mmoja wa toni ya juu na mwingine wa chini. Haina konsonanti wala irabu. Kwa kuwa maneno mengi yana toni zilezile, wapigaji hawakutaja neno peke yake, bali walilifungia katika kirai kirefu kilichozoeleka, ili wingi wa toni uondoe utata.

Anayetaja kiasi cha fedha kwa simu anaweza kufanya vivyo hivyo, kwa kusema "sita, baada ya tano". Kuna pia njia fupi zaidi, ambayo haihitaji spika bora. Tisa, kama sita, ni neno la asili ya Kiarabu. Neno la Kibantu lenye maana hiyohiyo, kenda, bado limo kamusini na bado husikika katika Kiswahili cha Kongo, ingawa mwanafunzi akiliandika katika insha huenda akasahihishwa kwa wino mwekundu. Irabu zake ni e na a. Hata spika iliyojaa vumbi, iliyogeuziwa ukuta, hailichanganyi na sita.