Je, Wajua? Hoàng Anh Gia Lai: Mataji Mawili, Kizazi Kizima

Zipo klabu Vietnam zenye mataji mengi kuliko Hoàng Anh Gia Lai. Lakini anayetaka kujua ni nani aliyebadilisha namna nchi hiyo inavyolea wanasoka, lazima apande hadi Pleiku, mji wa milimani. Twende haraka haraka, jambo moja baada ya jingine.

Asili yake

Je, wajua kuwa klabu hii ilianzishwa mwaka 1976, mwaka mmoja tu baada ya vita vya Vietnam kumalizika? Iliitwa Gia Lai-Kon Tum, kwa jina la mkoa wake. Mkoa ulipogawanywa mwaka 1991, Kon Tum ikajitenga na timu ikabaki mali ya Gia Lai.

Je, wajua Pleiku iko wapi? Iko kwenye nyanda za juu za kati, mita 700 hadi 800 kutoka usawa wa bahari. Udongo wake ni mwekundu, wa volkano. Kahawa, pilipili manga na miti ya mpira hustawi sana huko, na wenyeji wake wa asili ni Wajarai na Wabahnar.

Je, wajua kuwa Ligi Kuu ya Vietnam ilianza kuwa ya kulipwa msimu wa 2000-01? Ubingwa wa taifa ulikuwa ukigombewa tangu 1980, ila timu nyingi zilikuwa za mikoa, jeshi, polisi na mashirika ya umma. Matajiri binafsi walipofunguliwa mlango, Gia Lai ilikuwa miongoni mwa timu za mwanzo kufaidika.

Tajiri wa madawati

Je, wajua kuwa aliyeinyanyua timu hii alianza kwa kuchonga madawati? Đoàn Nguyên Đức alizaliwa mwaka 1963 katika mkoa wa Bình Định. Mtihani wa kuingia chuo kikuu ulimshinda mara kadhaa. Karibu na mwaka 1990 akafungua karakana ndogo ya madawati ya wanafunzi, na kutoka hapo akaingia kwenye samani, mawe ya kujengea, hoteli na majumba.

Je, wajua kuwa mwaka 2001 aliichukua timu ya mkoa na kuibandika jina la kampuni yake? Ndipo Hoàng Anh Gia Lai ilipopata jina linalojulikana leo, ambalo mashabiki hulifupisha kuwa HAGL. Yeye mwenyewe nchi nzima humwita Bầu Đức, maana matajiri wote wa timu huko hutanguliziwa neno "Bầu".

Je, wajua kuwa mwaka 2008 kampuni hiyo iliingia kwenye soko la hisa la Ho Chi Minh, na mwaka huohuo Bầu Đức akawa Mvietnam wa kwanza kumiliki ndege binafsi?

Zico wa Thailand

Je, wajua kuwa mwaka 2002, timu ikiwa bado daraja la pili kwa ukubwa, ilimsajili mshambuliaji maarufu kuliko wote Kusini-Mashariki mwa Asia? Alikuwa Kiatisuk Senamuang wa Thailand, ambaye kwao humwita Zico na ambaye mwaka 1999 aliwahi kusajiliwa na Huddersfield Town ya Uingereza. Thailand ilikuwa mbabe wa Vietnam uwanjani, kwa hiyo nyota wake kukubali kwenda kucheza Pleiku kulitikisa nchi zote mbili.

Je, wajua kuwa HAGL ilipanda Ligi Kuu na kutwaa ubingwa msimu uleule wa kwanza, 2003? Mwaka 2004 ikautetea. Miaka yote miwili ilibeba pia Kombe la Super. Kiatisuk hakuwa peke yake: Watailandi wengine, akiwamo beki Dusit Chalermsan, walimfuata.

Je, wajua kuwa tangu 2004 haijatwaa tena ubingwa wa ligi? Lakini pia, tangu ilipopanda mwaka 2003 haikushuka daraja katika misimu yote hadi 2024-25. Kwa ligi ambayo klabu hubadilishwa jina, huhamishwa mji au hufa kabisa tajiri anapochoka, huo ni uvumilivu wa kupigiwa mfano.

Je, wajua kuwa Ligi ya Mabingwa ya Asia iliionyesha pengo lililokuwapo? Mwaka 2005 ilipangwa kundi moja na Suwon Samsung ya Korea Kusini, Júbilo Iwata ya Japani na Shenzhen ya China. Haikuvuka makundi.

Je, wajua kuwa Januari 2009 ilimleta Lee Nguyen, kiungo mzaliwa wa Texas mwenye wazazi Wavietnam, aliyekuwa amepita PSV Eindhoven? Baadaye alirudi Marekani, na mwaka 2014 akaifungia New England Revolution mabao 18 katika msimu wa kawaida wa ligi.

Mizizi ya Abidjan

Je, wajua kuwa mbegu ya mapinduzi ya soka la Vietnam ilitoka Afrika? Mfaransa Jean-Marc Guillou, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya Ufaransa, alianzisha akademi ya ASEC Mimosas mjini Abidjan katika miaka ya 1990. Ndiyo ASEC hiyohiyo ambayo Simba ya Dar es Salaam imekutana nayo kwenye makundi ya mashindano ya CAF, mwaka 2022 na tena msimu wa 2023-24.

Je, wajua kuwa mwaka 1999 vijana wa akademi hiyo waliilaza Espérance ya Tunisia 3-1 kwenye Kombe la Super la CAF? Ndani ya kikosi walikuwamo Kolo Touré, Didier Zokora na Aruna Dindane. Yaya Touré na Gervinho nao walilelewa palepale.

Je, wajua kuwa mwaka 2007 Bầu Đức alimwomba Guillou ajenge kitu kama hicho Pleiku? Akademi ikafunguliwa Hàm Rồng, nje kidogo ya mji, kwa jina la HAGL Arsenal JMG. Herufi hizo tatu ni za Jean-Marc Guillou.

Je, wajua Arsenal iliingiaje? Mwaka 1983 Guillou, akiwa kocha wa Cannes ya Ufaransa, alimchukua kijana mmoja awe msaidizi wake. Kijana huyo alikuwa Arsène Wenger. Urafiki wa Cannes ukazaa ushirikiano kati ya London na Pleiku.

Je, wajua kuwa watoto wa Hàm Rồng walianza kufundishwa wakiwa pekupeku? Ndiyo njia ya Guillou: mguu uuzoee mpira kwanza, viatu vitafuata. Kazi ya kila siku iliachiwa Mfaransa Guillaume Graechen. Masomo ya shule hayakuachwa, na Kiingereza kilikuwamo.

Je, wajua kuwa Nguyễn Công Phượng, kipenzi cha mashabiki kuliko wote, alikuwa ameshakataliwa kwingine? Mtoto huyo wa Nghệ An alifanya majaribio katika klabu ya mkoani kwao, wakamwona mwembamba mno. Pleiku ikampokea. Wenzake walitoka mikoa ya mbali: Lương Xuân Trường Tuyên Quang, Nguyễn Tuấn Anh Thái Bình, Nguyễn Văn Toàn Hải Dương.

Vijana wapewa jezi

Je, wajua kuwa Oktoba 2013 timu ya Vietnam ya vijana chini ya miaka 19, iliyojaa watoto wa Hàm Rồng, iliichapa Australia 5-1 mjini Kuala Lumpur? Hiyo ilikuwa mechi ya kufuzu mashindano ya Asia. Vietnam haikuwa imezoea kuifunga Australia bao moja, sembuse matano. Nchi ikaamka.

Je, wajua kuwa miezi mitatu kabla, Julai 2013, Arsenal yenyewe ilicheza Hanoi na kuifunga timu ya taifa ya Vietnam 7-1? Siku hizo shabiki mmoja alilikimbiza basi la Arsenal kwa miguu kilomita kadhaa, hadi wachezaji wakashangilia wamchukue. Basi likasimama, naye akapandishwa.

Je, wajua kuwa mwisho wa 2014 Bầu Đức aliwaachia wachezaji wengi wakongwe na kuwakabidhi vijana wa akademi timu ya Ligi Kuu? Januari 2015 walianza kwa kuifunga Khánh Hòa 4-2 nyumbani. Kisha ligi ikawaonyesha ukali wake: walimaliza wa 13 kati ya timu 14, nafasi moja tu juu ya aliyeshuka. Tajiri hakurudi nyuma, na huo ndio uamuzi ninaouheshimu kuliko mataji yake yote.

Je, wajua kuwa mwaka 2016 watatu kati yao walipelekwa nje kwa mkopo? Công Phượng alikwenda Mito HollyHock na Tuấn Anh akaenda Yokohama FC, zote za Japani. Xuân Trường akaenda Incheon United ya Korea Kusini. Mwaka 2019 Công Phượng alifika hadi Sint-Truiden ya Ubelgiji.

Theluji ya Changzhou

Je, wajua kuwa Januari 2018 Vietnam ilicheza fainali ya Asia ya vijana chini ya miaka 23 katikati ya theluji, huko Changzhou, China? Nahodha alikuwa Xuân Trường wa HAGL. Mkwaju wa penalti ulioing'oa Qatar kwenye nusu fainali ulipigwa na Vũ Văn Thanh, wa HAGL pia. Uzbekistan ilishinda 2-1 kwa bao la dakika za mwisho kabisa za nyongeza, lakini vijana walipokewa Hanoi kama mabingwa.

Je, wajua kuwa kocha wa kikosi hicho, Park Hang-seo wa Korea Kusini, alilipwa mshahara kwa msaada wa mfuko wa Bầu Đức? Wakati huo tajiri huyo alikuwa makamu wa rais wa shirikisho la soka. Mwaka huohuo wa 2018, Park aliipa Vietnam ubingwa wa Kusini-Mashariki mwa Asia.

Taji lililozuiwa na korona

Je, wajua kuwa mwaka 2021 HAGL ilikuwa kileleni na bado haikupewa kombe? Kiatisuk alikuwa amerudi, safari hii kama kocha. Timu ilipoteza mechi ya kwanza, kisha haikufungwa tena. Baada ya michezo 12 ilikuwa na pointi 29. Agosti ligi ikafutwa kwa sababu ya korona, na hakuna aliyetangazwa bingwa.

Je, wajua kuwa uongozi huo uliipa tiketi ya Ligi ya Mabingwa ya Asia 2022? Katika kundi la Yokohama F. Marinos, Jeonbuk na Sydney FC ilitoka sare na Jeonbuk, ikaifunga Sydney 1-0, na kumaliza ya tatu. Linganisha na 2005 uone umbali iliosafiri.

Mfuko nao una mwisho

Je, wajua kuwa utajiri wa madawati ulifika mahali ukayumba? Kampuni ilielemewa na madeni, ikauza mali nyingi na kugeukia kilimo: ndizi, durian, na nguruwe wanaolishwa ndizi. Mwaka 2023 klabu ilivutana na waandaaji wa ligi, kwa kuwa mdhamini wake wa vinywaji vya kuongeza nguvu alikuwa mshindani wa mdhamini wa ligi. Msimu wa 2023-24 ilicheza kwa jina la LPBank HAGL, kwa heshima ya benki iliyoifadhili.

Je, wajua kuwa tangu Julai 2025 Pleiku si tena makao makuu ya mkoa? Gia Lai imeunganishwa na Bình Định, na makao yako Quy Nhơn, ufukweni. Mkoa aliozaliwa Bầu Đức na mkoa uliomtajirisha sasa ni mmoja.

Waafrika Mashariki nao wamo

Je, wajua kuwa ligi hii si ngeni kwetu? Danny Mrwanda, aliyechezea Simba na Taifa Stars, alikipiga Đồng Tâm Long An. Kiungo Moses Oloya wa Uganda alitwaa ubingwa wa 2018 na 2019 akiwa na Hanoi FC.

Mavuno yako wapi?

Je, wajua kuwa watoto wa Hàm Rồng wameshakuwa mabingwa wa Vietnam, ila kwa jezi za wengine? Văn Thanh alitwaa taji la 2023 na timu ya polisi ya Hanoi. Văn Toàn, Tuấn Anh na Hồng Duy walikuwa Nam Định iliposhinda msimu wa 2023-24, ubingwa wake wa kwanza tangu 1985. HAGL ililea na wengine wakavuna, lakini timu ya taifa ndiyo iliyofaidi kuliko wote. Klabu zetu zinazomwaga fedha kila dirisha la usajili zingefaa kuiga walau nusu ya subira hiyo, kwa sababu mchezaji wa kununua humaliza mkataba na kuondoka, ila akademi hubaki ikitoa wengine.