Stenti ya moyo ikiziba tena, madaktari wanafanyaje?

Wadau, kuna watu wanadhani mtu akishawekewa stenti kwenye moyo basi kesi imekwisha. Wapi! Mshipa unaweza kuwa mwembamba tena palepale.

Stenti ni kibomba kidogo cha wavu wa chuma. Daktari anakipitishia kwenye mshipa wa mkononi au pajani mpaka moyoni, anajaza puto, wavu unatanuka na kuuacha mshipa wazi. Watu wa kwanza waliwekewa mwaka 1986, Ufaransa na Uswisi.

Sasa noma iko hapa. Mwili unaona pale pana kidonda, unaanza kujiponya, na nyama ya kovu inaota kwenye matundu ya wavu. Ikizidi, njia ya damu inabanwa, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Enzi za stenti za chuma kitupu iliwapata wagonjwa kama 20 hadi 30 katika kila 100. Ndipo zikaja zilizopakwa dawa ya kuzuia nyama isiote (Ulaya 2002, Marekani 2003), na tatizo likapungua sana. Dawa ya mwanzo, sirolimasi, ilitokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui!

Na ikiziba je? Kwanza daktari anapiga picha ndani ya mshipa aone chanzo. Kama stenti haikutanuka vizuri, anaitanua kwa puto la presha kubwa. Kisha ana njia mbili: kuweka stenti nyingine yenye dawa ndani ya ile ya zamani, au kutumia puto lililopakwa dawa. Puto linabanwa ukutani kwa muda mfupi, dawa inabaki, puto linatolewa. Hapo haongezi tabaka la chuma. Ulaya wanalitumia miaka mingi, Marekani waliliruhusu Machi 2024. Hali ikijirudia sana, kuna operesheni ya kuunganisha mshipa mwingine ili damu ipite pembeni.

Ila msichanganye mambo. Kovu linaziba polepole, lakini damu ikiganda ndani ya stenti inaziba ghafla, na hiyo inaua. Ndiyo maana wanapewa aspirini pamoja na dawa nyingine kama klopidogreli. Mzee wako akisema "nimeshapona, vidonge vya nini?", mwambie asiache bila kumuuliza daktari wake. Na kifua kikianza kubana tena, asisubiri kliniki ya mwezi ujao, aende hospitali siku hiyohiyo.

Haya wadau, kazi kwenu.