Ziwa Lililozaliwa na Mchanga

Wanachama wenye mashamba yaliyopakana na mashimo ya mchanga, hasa ndugu zetu wa Kaskazini Unguja, yafaa waijue kesi moja ya Marekani. Ni ya zamani kidogo, lakini jambo lenyewe halikuzeeka.

Katika kisiwa cha Long Island, jimbo la New York, palikuwa na ardhi ya eka 38 katika Mji wa Hempstead. Mazao yake yalikuwa mchanga na kokoto. Uchimbaji ulianza mwaka 1927, na kabla ya mwaka kwisha wachimbaji walikwisha fikia maji. Hawakuacha. Shimo likazidi kupanuliwa hata likawa ziwa la eka 20, kina chake kwa wastani futi 25.

Shimo lilikuwa pale pale. Mji ndio uliolifuata. Nyumba zikajengwa pande zote, hata katika mwendo usiofika robo tatu ya maili zikahesabiwa zaidi ya 2,200, pamoja na skuli nne zenye wanafunzi 4,500. Mwaka 1945 Mji ukataka mashimo ya namna hii yazungushiwe uzio wa waya. Mwaka 1956 ukaenda mahkamani kudai kwamba uchimbaji wavunja sheria ya kugawa maeneo, ukashindwa, kwa kuwa kazi ile ilitangulia sheria. Basi mwaka 1958 ukaja na njia nyingine: ni marufuku kuchimba chini ya usawa wa maji, na palipokwisha chimbwa pafukiwe.

Hebu tupige hesabu. Eka 20 kwa kina cha futi 25 ni kama yadi za ujazo laki nane. Mtu aliyekuwa akiuza mchanga sasa aambiwa autafute mchanga wa kurudisha!

Wenye ardhi, akina Goldblatt, walisema kwamba huku ni kunyang’anywa mali bila fidia. Kesi ikapanda hata Mahkama Kuu ya nchi ile, na tarehe 14 Mei, 1962, Jaji Tom Clark akasoma hukumu. Lililoamuliwa hasa ni lile katazo la kuchimba chini ya maji, na Mji ukashinda. Majaji wawili hawakushiriki. Katika waliobaki hapana aliyepinga.

Sababu yake ndiyo ya kutazamwa. Mahkama haikusema kwamba serikali yaweza kufanya ipendavyo. Ilisema kuwa katazo likizidi mno laweza kuwa sawa na kunyang’anya, na kwamba ni juu ya mwenye mali kuonyesha kuwa sheria haina maana. Akina Goldblatt hawakuleta ushahidi wa thamani ya ardhi yao kabla ya katazo na baada yake. Walilia hasara bila ya kuipima.

Kwetu mambo si yale yale. Tangu 1964 ardhi ni ya Serikali, na toka zamani mikarafuu yaweza kuwa ya mtu na udongo ukawa wa mwingine. Hata hivyo, shimo likija ukingoni mwa shamba, atakayeulizwa ana miti mingapi, na alichuma pishi ngapi mwaka wa neema na ngapi mwaka wa uhaba, ni mwenye mikarafuu. Wengi wetu twajibu kwa kukisia.

Wala hesabu peke yake si kinga. Mwaka 1915 mwenye tanuri la matofali Los Angeles, Bwana Hadacheck, alieleza kuwa ardhi yake ingeshuka kutoka dola 800,000 hata 60,000 akikatazwa kuchoma matofali. Naye alishindwa. Lakini udongo wake hakukatazwa kuuchimba. Alichokatazwa ni kuuchomea pale, karibu na majirani.